USIBONYEZE KABLA HUJASOMA
Somo la data na salio la simu



Tulipokuwa hatujui kusoma, karatasi ikiletwa tulichovya dole gumba kwenye wino, tukaligandamiza. Karatasi ilisema nini? Hatukujua. Huenda ilikuwa ya mkopo. Huenda ilikuwa ya mpaka wa shamba. Tulimwamini aliyeileta, basi. Wengine walisalimika, wengine walipoteza mali zao.

Mwaka 1970 ulitangazwa hapa Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kuanzia hapo watu wengi wa vijijini waliingia madarasa ya kisomo. Walijifunza kuandika majina yao, kusoma barua na kupiga hesabu. Mkulima wa pamba alipopeleka mzigo wake kupimwa, aliutazama mshale wa mizani kwa macho yake mwenyewe. Hicho ndicho kisomo chenye manufaa: kusoma kunakolinda jasho la mtu.

Sasa dole gumba limerudi kwa njia nyingine. Halichovywi tena kwenye wino, bali linabonyeza kioo cha simu. Maneno yanatokea, nasi tunabonyeza "Ndiyo" ili yaondoke tuendelee na shughuli zetu. Kesho yake tunalia: "Hela yangu imekwenda wapi?"

Katika somo hili tutajifunza jinsi data inavyokula salio la simu. Tutajifunza kulizuia lisipotee, na kudai haki yetu tukikatwa bila sababu.

1. SALIO NA KIFURUSHI NI VITU VIWILI

Wengi wetu vijijini tunalipa kwanza, halafu tunatumia. Tunanunua vocha dukani au tunanunua salio kwa pesa zilizo kwenye simu. Kwa hiyo hatuletewi ankara mwisho wa mwezi kama ya maji au ya umeme. Kampuni inakata pale pale tunapotumia. Mtu asipoangalia, hajui amekatwa saa ngapi wala kwa jambo gani.

Tukishaweka vocha, hela inakaa kama salio la kawaida. Salio hilo ni kama fedha mfukoni. Laweza kupiga simu, kutuma meseji au kuingia intaneti.

Kifurushi, ambacho wengi tunakiita bando, ni kitu kingine. Hapo umeshatoa fedha mfukoni ukanunua mzigo. Mzigo huo una kiasi chake, na una muda wake. Kuna kifurushi cha dakika za kupiga simu, cha meseji, cha data, au vyote pamoja. Kikijaa muda wake kinakwisha, hata kama hujakimaliza.

Tofauti kubwa ni bei. Data ya kifurushi huwa rahisi. Data inayokatwa kwenye salio la kawaida, yaani nje ya kifurushi, huwa ghali zaidi. Ni kama sukari. Ukinunua mfuko mzima, kilo moja inakuja kwa bei nafuu. Ukinunua kwa vijiko, utaona ni fedha ndogo, lakini ukijumlisha utashangaa.

2. DATA NI NINI, NA INAPIMWA VIPI?

Data ni habari zinazoingia na kutoka kwenye simu kwa njia ya intaneti. Maneno, picha, sauti na video zote ni data. Mahindi tunayapima kwa kilo na mafuta kwa lita. Data tunaipima kwa MB, tunasema "embii". MB kama 1,000 zinafanya GB 1, tunasema "jibii moja".

MB 1 ni kubwa kiasi gani? Ni sawa na herufi milioni 1 hivi. Hebu tupige hesabu. Tukichukua ukurasa wenye herufi 2,500, MB 1 inabeba kurasa 400 za maandishi matupu. Hicho ni kitabu kinene. Kwa hiyo kuandikiana maneno hakuli data nyingi.

Picha ni nzito kuliko maneno. Picha moja iliyotumwa kwa WhatsApp mara nyingi haifiki MB 1, lakini picha hamsini ni mzigo. Kupiga simu ya sauti kwa WhatsApp hula chini ya MB 1 kwa dakika. Video ndiyo mlaji mkubwa. Dakika moja ya video ya kawaida yaweza kula MB 5. Video inayoonekana safi sana yaweza kula MB 20 na zaidi kwa dakika hiyo hiyo moja.

Basi tukumbuke mpangilio huu: maneno hula kidogo, sauti na picha hula wastani, video hula sana.

3. MAZUNGUMZO: BABU NA MJUKUU WAKE

Mazungumzo haya ni ya mfano. Yasomwe kwa sauti na watu wawili.

MJUKUU: Shikamoo babu.

BABU: Marahaba mjukuu wangu. Afadhali umekuja. Hii simu imeniibia.

MJUKUU: Imekuibia nini tena, babu?

BABU: Jana nimekwangua vocha ya shilingi 2,000. Nikanunua bando la shilingi 500 ili nipate zile picha za mche wa pamba alizotuma Bwana Shamba. Zikabaki 1,500. Asubuhi hii nataka kumpigia mama yako mdogo. Amelazwa na mtoto kule hospitali ya wilaya. Nauliza salio, naambiwa shilingi 200! Nitaongea naye nini kwa shilingi 200? Na daktari alisema ikihitajika damu tupigiane haraka.

MJUKUU: Pole sana babu. Kwanza chukua simu yangu umpigie. Halafu tutaitazama yako.

(Babu anapiga simu. Mtoto anaendelea vizuri. Kisha wanakaa barazani.)

MJUKUU: Haya, tuione. Jana nani alishika simu?

BABU: Mdogo wako alitazama mpira. Nusu saa tu, nikamnyang'anya.

MJUKUU: Na meseji hizi mbili umezisoma? Ya kwanza inasema umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako.

BABU: Hiyo niliiona. Nikasema kampuni hawa kazi yao ni matangazo, nikaifuta machoni.

MJUKUU: Na ya pili? Inasema kifurushi kimekwisha. Ukitaka kuendelea na intaneti kwa salio la kawaida, ukubali. Hapa panaonyesha ulikubali.

BABU: Nilibonyeza ili iondoke! Nilikuwa nafunga ng'ombe, giza limeingia.

MJUKUU: Basi ndipo mlango ulipofunguka, babu. Halafu uliiacha data ikiwaka usiku kucha?

BABU: Mimi nilijua ukiiweka simu mezani imelala.

MJUKUU: Hailali, babu. Kioo kinazimika, lakini ndani inafanya kazi. Tazama hapa penye matumizi ya data. Usiku programu moja imejisasisha yenyewe. Tena kundi la ukoo wametuma video kumi za harusi, zote zimeingia.

BABU: Sikuzitazama hata moja!

MJUKUU: Simu haikungoja uzitazame. Ilizipakua zenyewe.

BABU: Kumbe mwizi nilimfungulia mwenyewe. Na kusoma najua!

4. TUPIGE HESABU YA BABU

Bei tutakazotumia hapa ni za mfano ili tujifunze hesabu. Bei za kweli hutofautiana kwa kampuni na hubadilika, kwa hiyo uliza bei ya siku hiyo.

Kifurushi cha babu: MB 200 kwa shilingi 500.
Bei ya MB 1 ndani ya kifurushi: 500 gawanya kwa 200 = shilingi 2.50.
Bei ya MB 1 nje ya kifurushi: shilingi 10.

Data iliyotumika ni hii:
Mpira, dakika 30 mara MB 5 = MB 150.
Programu kujisasisha = MB 100.
Video za harusi, 10 mara MB 8 = MB 80.
Jumla = MB 330.

Kifurushi kilikuwa na MB 200 tu. Kwa hiyo 330 toa 200 = MB 130 zilitumika nje ya kifurushi. MB 130 mara shilingi 10 = shilingi 1,300.

Salio lilikuwa shilingi 1,500. Toa 1,300. Limebaki shilingi 200. Hesabu imekubali.

Sasa angalia jambo hili. MB 130 hizo kwa bei ya kifurushi zingegharimu 130 mara 2.50 = shilingi 325. Babu alilipa mara 4 ya bei hiyo, kwa vitu ambavyo hakuvitazama. Na jambo baya kuliko yote, hela ya kuulizia hali ya mgonjwa iliondoka wakati yeye amelala.

Angalia pia ile meseji ya asilimia 75. Asilimia 75 ni robo tatu. Robo tatu ya MB 200 ni MB 150. Yaani meseji ilikuja pale pale mpira ulipokwisha. Kama babu angeisoma, angejua zimebaki MB 50, akaizima data, na salio lake lingelala salama.

5. MILANGO MITANO YA KUTOKEA HELA

Mlango wa kwanza: programu zinazojisasisha. Kujisasisha ni programu kuleta toleo jipya la kwake yenyewe. Jambo hilo ni zuri, maana toleo jipya huziba matundu ya wezi wa mtandao. Lakini likifanyika kwa salio la kawaida, ni hasara. Lifanyike ukiwa na kifurushi cha kutosha, au ukiwa mahali penye Wi-Fi ya bure unayoiamini.

Mlango wa pili: picha na video zinazojipakua. Makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya ushirika na ya dini yana watu wengi. Kila mmoja akituma video moja, mzigo unakuwa mkubwa.

Mlango wa tatu: video zinazoanza zenyewe. Ukiingia Facebook au TikTok, ukipangusa kioo tu, video nyingine inaanza kucheza. Hujaichagua, lakini data inakatwa.

Mlango wa nne: kugawa intaneti. Kijana anaomba "nirushie kidogo". Unamwashia, simu yake inakula data kupitia kwako. Naye simu yake ina programu zinazojisasisha vile vile. Ukisahau kuzima, unawalisha wawili.

Mlango wa tano: mtandao wa nchi jirani. Jambo hili wanalijua ndugu zetu wanaokaa karibu na mipaka, kama Mutukula, Namanga na Tunduma. Mnara wa ng'ambo ukiwa na nguvu, simu yaweza kuushika. Data ya ugenini yaweza kuwa ghali sana. Angalia jina la mtandao juu ya kioo. Ukiona jina geni, zima data. Tena hakikisha ile sehemu ya kutumia data nje ya nchi imezimwa.

6. NAMNA YA KUFUNGA MILANGO

Maelezo haya ni ya simu janja, zile za kupangusa. Maneno hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini njia ni karibu moja. Kama simu yako inaongea lugha usiyoielewa, ingia Mipangilio, tafuta Lugha, chagua Kiswahili. Usione aibu kumwomba kijana akusaidie, lakini mwambie akuonyeshe, asikufanyie. Ufanye mwenyewe huku yeye anatazama.

(a) Zima data usipoitumia. Weka kidole juu kabisa ya kioo, vuta kwenda chini. Utaona alama nyingi. Tafuta alama ya data, mara nyingi ni mishale miwili, mmoja unaenda juu na mmoja unaenda chini. Iguse. Ikizimika rangi, data imefungwa. Simu za kawaida na meseji za kawaida zitaendelea kuingia. Hutakosa habari ya msiba wala ya mgonjwa. Fanya hivyo kila usiku, kama unavyofunga zizi.

(b) Zuia video zisijipakue. Fungua WhatsApp, ingia Mipangilio, kisha sehemu ya Hifadhi na data. Hapo utaona mambo yanayopakuliwa unapotumia data ya simu: picha, sauti, video, nyaraka. Ondoa alama za vema. Kuanzia hapo, video haitaingia mpaka wewe uiguse.

(c) Zuia programu zisijisasishe kwa data ya simu. Fungua duka la programu, yaani Play Store, ingia mipangilio yake, chagua zisasishwe kwa Wi-Fi tu.

(d) Weka kikomo. Simu nyingi zina sehemu ya Matumizi ya data ndani ya Mipangilio. Hapo yaweza kuonekana kila programu imekula MB ngapi. Pia unaweza kuiamuru simu ifunge data ikifika kiasi unachotaka.

(e) Uliza salio mara kwa mara. Piga *102# asubuhi na jioni. Andika kwenye daftari. Mwenye duka huandika mauzo yake, na sisi tuandike salio letu. Mfano:

Jumatatu jioni, salio 1,500.
Jumanne asubuhi, salio 1,500.
Jumatano asubuhi, salio 900. Kwa nini?

Mtu mwenye daftari anajua hela imetoka siku gani. Asiye na daftari hubaki akilalamika tu.

(f) Soma meseji ya kifurushi tangu siku ya kununua. Tafuta mambo matatu: kiasi, muda, na matumizi. Kiasi, yaani MB ngapi. Muda, yaani kinakwisha lini na saa ngapi. Matumizi, yaani ni cha intaneti yote au cha mtandao mmoja tu. Kuna kifurushi cha WhatsApp peke yake. Ukitoka ukaenda kwingine, umeshatoka nje ya kifurushi.

7. HAKI YETU KWA MUJIBU WA TARATIBU

Tusidhani kila mara kosa ni letu. Kampuni nazo zina masharti ya kufuata. Msimamizi wa makampuni ya simu ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kifupi TCRA. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, ambayo nayo inagusa haki za watumiaji.

Mwaka 2021 Mamlaka hiyo ilitoa maelekezo juu ya vifurushi. Kampuni imjulishe mteja anapofikia asilimia 75 ya kifurushi, na tena anapofikia asilimia 100. Pia mteja apewe nafasi ya kuchagua mwenyewe kama anataka kuendelea kwa salio la kawaida kifurushi kikiisha.

Umeona? Maelekezo hayo yanamtaka mteja akubali mwenyewe. Yamemwekea komeo mlangoni. Lakini komeo halisaidii kama mwenye nyumba analifungua bila kuuliza nani anabisha. Aliyekubali bila kusoma atakuwa na kazi ngumu kudai fedha zake. Aliyekataa akakatwa bado ana hoja ya nguvu.

Ukikatwa bila kukubali, fuata hatua hizi:

Kwanza, usifute meseji yoyote. Meseji ya kununua kifurushi na meseji ya kwisha kwake ndizo ushahidi wako.

Pili, andika katika daftari: tarehe, saa, salio la kwanza, salio lililobaki, na kiasi kilichokatwa.

Tatu, piga namba 100 ya huduma kwa wateja. Eleza kwa ufupi na kwa heshima. Usiseme tu "mmeniibia". Sema hivi: "Tarehe fulani nilikuwa na salio la shilingi 1,500. Kifurushi kilikwisha, sikukubali kuendelea. Asubuhi nimekuta shilingi 200. Naomba mniambie shilingi 1,300 zimekatwa kwa jambo gani." Uliza jina la anayekuhudumia na namba ya lalamiko lako. Yaandike. Waweza pia kwenda kwenye duka la kampuni siku ya mnada au siku ya kwenda mjini.

Nne, usiporidhika na jibu, au siku zikipita bila jibu, peleka lalamiko TCRA. Mamlaka ina ofisi za kanda, kwa mfano Mwanza, Arusha, Mbeya, Dodoma na Zanzibar. Liko pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kutetea watumiaji. Andika barua fupi. Taja jina lako, namba ya simu, kampuni, tarehe, fedha zilizokatwa, na namba ya lalamiko uliyopewa na kampuni.

Watu wengi wanasema, "Shilingi 1,300 niandikie barua ya nini?" Lakini kijiji kina simu nyingi. Ikiwa watu 100 wanapoteza shilingi 1,300 kila mmoja, hiyo ni shilingi 130,000. Fedha hizo zingenunua dawa za kunyunyizia pamba au madaftari ya watoto. Aliyeandika barua amewatetea na jirani zake.

8. TAHADHARI YA MATAPELI

Tapeli anajua kwamba watu wamekasirika kwa kukatwa salio. Anakupigia: "Sisi ni kampuni ya simu. Tunataka kukurudishia fedha zako. Tutajie namba yako ya siri." Usimtajie! Namba ya siri ni kama ufunguo wa sanduku. Kampuni ikikupigia hutumia namba 100, tena haikuulizi namba ya siri. Meseji ya kitapeli waweza kuipeleka namba 15040, pamoja na namba ya aliyeituma.

Wala usibonyeze tarakimu anazokusomea mtu usiyemjua. Jambo ni lile lile la dole gumba: ukitaka kubonyeza, soma kwanza. Usipoelewa, usibonyeze. Uliza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Data: habari zinazoingia na kutoka kwenye simu kwa njia ya intaneti.
Salio: fedha iliyobaki kwenye simu kwa ajili ya mawasiliano.
Kifurushi au bando: mzigo wa data, dakika au meseji ulionunuliwa kwa muda maalumu.
Kupakua: kuleta kitu kutoka intaneti mpaka ndani ya simu.
Kujisasisha: programu kuleta toleo jipya la kwake yenyewe.

MASWALI

Jibuni maswali haya katika kikundi chenu cha kisomo.

1. Kuna tofauti gani kati ya salio la kawaida na kifurushi?
2. Kati ya maneno, picha na video, kipi hula data nyingi kuliko vyote?
3. Kifurushi kina MB 400. Meseji ya asilimia 75 itakuja ukishatumia MB ngapi?
4. Kifurushi cha shilingi 1,000 kina MB 500. MB 1 ni shilingi ngapi?
5. Umetumia MB 60 nje ya kifurushi kwa shilingi 10 kila MB. Utakatwa shilingi ngapi?
6. Ukizima data usiku, je, mtu anaweza kukupigia simu ya kawaida?
7. Taja mambo matano ya kuandika katika daftari ukikatwa salio bila kukubali.

Zoezi la vitendo: Kila mmoja achukue simu yake au ya jirani. Avute kioo kutoka juu, aizime data, kisha aiwashe tena. Halafu apige *102# na kuandika salio lake na tarehe ya leo. Huo ndio mstari wa kwanza wa daftari lake.

MAJIBU YA HESABU

Swali la 3: MB 300. Swali la 4: shilingi 2. Swali la 5: shilingi 600.